Kilamati, Yaani Anachoka

Kaka yangu anajua kusema "anachoka" kwa lugha tano, na sijawahi kumwona amechoka kwa hata moja. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue nimekasirika, asije akafika katikati akadhani hii ni hadithi ya ndugu wanaopendana. Tulipendana, ndiyo. Ndiyo maana nimekasirika hivi.

Tulizaliwa wawili tu. Yeye ndiye wa kwanza, mimi wa mwisho. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba yake ipo huku Kisesa, ukishaiacha barabara kubwa kidogo kuelekea Bujora, kati ya mawe makubwa mawili ambayo mbuzi wa majirani wanayaona kama yao. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata watu ambao hakuwafundisha. Kaka alipelekwa India kusoma uhasibu, akarudi na Kisanskriti na Kipali, lugha za kale za huko ambazo hata Wahindi wenyewe siku hizi hawazungumzi sokoni. Baba alikuwa ameshafariki, la sivyo angefariki siku ile. Mama yeye alicheka, akasema mwanawe kaenda kununua kandambili karudi na taji. Leo kaka anafundisha chuo Dar es Salaam.

Mimi nilikuwa karani kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, mjini Mwanza. Asubuhi moja nikapigiwa simu kwamba mama ameanguka na ufagio mkononi. Kiharusi. Upande wa kushoto wote ukafa, mkono na mguu. Kaka akapanda ndege, akakaa wiki moja, akalia sana, tena kweli. Siku ya kuondoka akanishika mabega. "Mdogo wangu, nipe miezi mitatu nijipange. Nitakuja tupokezane."

Nikaacha kazi. Miezi mitatu ile ikawa miaka tisa, na kaka akaingia mitini.

Hapana, nisimsingizie. Hakuingia mitini kabisa. Kila Jumapili saa kumi jioni alipiga simu, hata siku moja hakukosa. Niliiweka simu juu ya mto karibu na sikio zima la mama, nikafungulia sauti, nami nikakaa kwenye kiti na nguo za kukunja. Alimsalimia mama kwa jina letu la Kisukuma, "Shikamoo mayu," mama akaitikia marahaba kwa mdomo wake uliopinda, halafu kaka akatupa neno la siku. Alijua mama anapenda kufundishwa kuliko kupewa pole. Na mimi, tuseme ukweli, nilizisubiri Jumapili zile kuliko mtu yeyote. Siku sita nilikuwa nageuza mtu, nalisha mtu, naosha mtu, nafua mashuka ya mtu. Ya saba nilikuwa mwanafunzi.

Neno lililotukaa zaidi lilikuwa kilamati. Nalikumbuka kwa sababu mama alilirudia wiki nzima. Kaka alieleza kwamba hiyo ni Kipali, na maana yake ni "anachoka". Wale watu kwenye kamusi zao hawaandiki "kuchoka" kama sisi, wanaandika hivyo, anachoka, kana kwamba kuna mtu amesimama pale mbele yao miguu inatetemeka. Kwenye Kisanskriti, ambayo ndiyo kongwe zaidi, mzizi wake ni klam tu, konsonanti mbili zimebanana. Kipali kikaona taabu kulitamka, kikachomeka irabu katikati, klam ikawa kilam.

"Kama sisi na klabu!" mama akadakia. "Klabu tukaifanya kilabu."

"Hasa, mayu!" kaka akasema, akacheka kwa furaha, nasi tukacheka. Basi jioni nzima mama akawa ananiambia watu wa Kipali ni Wasukuma waliopotea njia.

Kaka akaendelea. Klam haikuwa ya watu peke yao. Ua lililonyauka kwa jua nalo lilisemwa hivyo hivyo, limeklam. Na kwenye hadithi zao za kale mtawa akifika kutoka safari ya mbali, jambo la kwanza analoulizwa ni kama njia haikumchosha sana. Mama akapiga godoro kwa mkono wake mzima. "Si ndiyo pole na safari hiyo! Kumbe hatuko peke yetu."

Jumapili nyingine akatuletea jirani wa neno lile, shram. Wengine wanadhani ni ndugu wa klam, wengine wanasema walifanana kwa kukaa pamoja. Hili lilinigusa mimi. Kaka alisema shram ni kufanya kazi ya kuchosha na ni kuchoka kwenyewe, yote kwa pamoja. Wale watu hawakuvitenga. Ukisema mtu amefanya kazi umeshasema amechoka, na asiyechoka basi hakuna alichofanya. Kutoka hapo wakapata jina la watawa wao, wale walioacha nyumba zao wakajitaabisha porini kutafuta ukweli. Wenye kutaabika. Wengine baadaye wakaja na maelezo kwamba jina lile limetoka kwenye neno la kutulia, lakini kaka alisema wataalamu wa mizizi ya maneno wanashikilia kuchoka.

Nilipokwenda mjini Nyamagana kuchukua dawa na pampasi za watu wazima, nikamuuliza mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la dawa kama analijua. Akatabasamu. Akasema kwao nyumbani wanalo vishram, ndiyo kupumzika. Neno lile lile la kuchoka, wameliongezea kipande kidogo mbele, likageuka kuwa pumziko. Akanifungia mzigo wangu, akanitazama juu ya miwani. "Na wewe vishram yako lini, mama?" Nikacheka. Nilipofika nje machozi yakanitoka, nikajifanya vumbi limeniingia.

Sasa hapa lazima niseme sheria ya nyumba yetu, maana bila hiyo hakuna atakayenielewa.

Nikiwa darasa la sita, bibi alikuwa mgonjwa, amelala chumba hiki hiki. Mama ndiye aliyemuuguza. Siku moja nikaingia na ndoo ya maji, nikaitua mlangoni, nikasema kwa nguvu, "Jamani, nimechoka!" Loo! Mama alinivuta sikio hadi nyuma ya jiko. Hakunichapa. Aliongea taratibu, ambayo kwake ilikuwa mbaya zaidi.

"Mgonjwa haambiwi nimechoka. Ukimwambia umechoka, umemwambia aondoke."

"Akiniuliza je?"

"Utamwambia hujachoka."

"Na nikiwa nimechoka kweli?"

"Anayeuguza hajisemei. Anasemewa. Watu wazima watakuona, watakusemea."

Na ikawa hivyo. Kabla mwezi haujaisha, mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuja kutoka Usagara na kikapu chake, akasimama mbele ya wajomba wote akasema, "Huyu amechoka. Mimi nakaa, yeye akalale." Mama alipinga kidogo, kama inavyotakiwa, akasema hajachoka. Kisha akaenda akalala siku mbili. Niliona kwa macho yangu. Ndivyo tunavyofanya, na sijui nyumba ya huku kwetu isiyofanya hivyo.

Kwa hiyo miaka tisa yote mama aliponiuliza, "Umechoka, mwanangu?" nilijibu, "Hapana mayu, sijachoka." Kila jioni, wakati namfuta mgongo. Mgongo wangu mwenyewe ulikuwa unawaka moto, lakini jibu lilikuwa hilo hilo. Nilijikaza kisabuni, nikisubiri kitu kimoja tu. Sikusubiri zawadi. Nilisubiri mtu mmoja asimame aseme, huyu amechoka, aachwe. Nilijua ni nani wa kusema. Alikuwa na maneno matano ya kuchagua.

Nilikuwa hata na begi. Ndani kulikuwa na magauni mawili, kanga, na malapa mapya. Siku nitakayosemewa nitapanda meli kwenda Ukerewe, nikae ufukweni siku saba nisimgeuze mtu yeyote. Siku saba, si zaidi. Sijui kama nilikuwa naomba makubwa.

Kiangazi cha mwisho mama akaniomba daftari na kalamu. Alitaka kuandika wasifu wake mwenyewe, ule unaosomwa siku ya maziko. Alisema hataki mtu aharibu miaka yake ya ualimu. Nikamwekea sinia mapajani na mto chini yake, nikamvalisha miwani. Mkono wa kushoto haukuweza kulizuia daftari, likawa linateleza, ikabidi nilishike mimi kwa mikono yangu miwili.

"Geuza uso," akasema. "Usisome. Nikimaliza utalitia kwenye bahasha, atafungua kaka yako."

Nikageuza uso dirishani nikatazama mawe na mbuzi. Alikandamiza sana, kwa sababu ya mkono kutetemeka, na kalamu ilipita juu ya karatasi nikaisikia kwenye viganja vyangu, neno baada ya neno. Alitumia karibu saa nzima. Nilifurahi mjinga mimi. Nilijiambia, mama ananiandika. Hata nilimsogezea sinia ili asichoke.

Mama alifariki asubuhi, mimi nikimnywesha uji. Kaka akaja na ndege ya siku hiyo hiyo.

Kila mtu wa huku anajua wasifu wa marehemu unavyosomwa. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani. Hapo watu wanapiga miayo. Ukifika kwenye "alianza kuugua", turubai zima linatulia, kwa sababu baada ya hapo yanakuja majina ya waliouguza, na mwenye jina ndiye atakayepewa mkono. Mimi nilisimama pembeni kwenye masufuria, leso mkononi, tayari kulia kwa heshima yangu.

Kaka akafungua bahasha. Ana sauti nzuri, sauti ya mtu aliyezoea kumbi. Akasoma miaka ya ualimu, darasa kwa darasa. Kisha akasoma haya, nayanakili kama yalivyo:

"Katika maradhi yangu nimeuguzwa na mwanangu wa kwanza, ambaye hakuniacha hata Jumapili moja. Namshukuru mbele yenu wote. Binti yangu naye alikuwepo nyumbani. Yeye hachoki."

Basi. Akaendelea na mistari ya kuwaomba msamaha majirani.

Yeye hachoki. Watu wakapanga mstari kwenda kumshika kaka mkono. "Pole na kuuguza, kijana wetu." "Asante, nimeshapoa." "Mungu akulipe, umemtunza Mwalimu." "Asante sana." Kwa kinywa kile kile! Hakumeza hata mate. Jirani ambaye sijui mara ngapi alinikuta nafua mashuka kabla ya jua kutoka naye alikuwa kwenye mstari. Mimi nikaambiwa chai haitoshi, niongeze maji.

Nilimsubiri nyuma ya jiko, pale pale nilipovutwa sikio.

"Kaka, umesoma nini pale?"

"Nimeusoma kama ulivyoandikwa," akasema. "Ulitaka nibadilishe maneno ya marehemu?"

"Ulijua si kweli."

"Mama alitaka kunilinda. Alijua watu wangesema mzaliwa wa kwanza kamtelekeza. Wewe una nini cha kulindwa? Watu wote wanakujua."

"Watu wote wamekupa mkono wewe."

Akashusha pumzi, akaweka ile sauti yake ya Jumapili, ya kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mdogo wangu, unakumbuka kilamati? Wale watu walikuwa pia na neno la mtu kujichosha mwenyewe. Na mwalimu wao mkubwa aliwakataza jambo hilo, alisema halina faida yoyote. Nani alikulazimisha uache kazi? Ungeweka mtu wa kukusaidia."

Alikuwa ametoa neno kwenye mikono yangu mwenyewe akanipiga nalo. Miaka tisa nilidhani maneno yale ananipa mimi. Kumbe alikuwa anajilipia, neno moja kwa juma moja la kutokuwepo, na mama akapokea, akaona bei ni sawa.

Ndiyo, na mama. Yeye ndiye aliyeniuma zaidi, na nitalisema ingawa yuko kaburini. Kaka ni kaka. Lakini mama alikuwa anaijua sheria. Ni yeye aliyenifundisha "sijachoka" ile kwa kunivuta sikio. Ni yeye aliyeisema kwa bibi huku macho yamemvimba. Hakuna mtu Kisesa nzima aliyejua vizuri kama yeye kwamba jibu lile ni adabu tu, si habari. Akalichukua akaliandika kama habari, tena mikono yangu ikiwa chini ya karatasi. Aliyepiga godoro kwa furaha siku ya klam, akasikia na ya shram, ndiye aliyeandika kwamba mimi sichoki, yaani sikufanya kitu. Nilikuwepo tu nyumbani.

Siku ya tatu tukaanua matanga, ndugu tukakaa kikao. Mjomba mkubwa akaongoza. Mama mdogo alikuwepo, ameketi kwenye godoro kwenye kona, mguu mmoja umefungwa bandeji. Sukari imemla mguu, mumewe amefariki, na pale Usagara anaishi peke yake na kuku. Mikono iliyokuwa ikibeba kikapu kwenda kumpokea mama sasa inashindwa hata kushika kikombe.

Mjomba akasema, "Kuna jambo la mdogo wa marehemu. Hawezi tena kukaa peke yake. Nani atakaa naye?"

Kila mtu akagundua ana kitu muhimu kwenye simu yake.

"Nyumba hii ipo," mjomba akaendelea, "kitanda kipo, na binti yupo. Na tumesikia wenyewe, marehemu kasema hachoki." Akanigeukia kwa upole, maana si mtu mbaya. "Au umechoka, mama?"

Mbele ya mgonjwa. Mama mdogo alikuwa umbali wa hatua mbili, anatazama vidole vyake. Yeye aliyewahi kumsemea mama, sasa hawezi kunisemea mimi, maana mgonjwa ndiye yeye. Nikamtazama kaka. Alikuwa amekaa mkabala nami, miguu amekunja nne. Sikumwomba arudi Kisesa. Sikumwomba asome upya wasifu. Nilimwomba kwa macho neno moja, kwa lugha yoyote aipendayo. Angesema kilamati tu ningeridhika, ningemtafsiria mjomba mwenyewe.

Kaka akainamisha kichwa akaanza kujifuta vumbi la kiatu.

"Hapana, mjomba," nikasema. "Sijachoka."

Mama mdogo yuko kwenye kitanda cha mama sasa, na begi langu lipo juu ya kabati, malapa yameanza kukauka. Simlaumu. Ni mwepesi kumgeuza kuliko mama, na akiumwa anauma shuka ili nisisikie. Kila Jumapili saa kumi simu inalia. Mwanzoni niliiacha ilie, lakini mama mdogo hana mtu mwingine wa kumpigia, akaniomba. Naiweka juu ya mto, nafungulia sauti. Kaka anasema "Shikamoo mama mdogo," anatoa neno la siku, mama mdogo anacheka. Mimi wakati huo natoka nje kwa mbuzi.

Jana jioni, namfuta mgongo, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umechoka, mwanangu?"

"Hapana, mama mdogo."

Akasema, "Hata dada alikuwa anasema hivyo hivyo." Nikaenda kumwaga maji.

Daftari la mama nimelichukua mimi. Kaka alitaka kwenda nalo Dar kwa kumbukumbu, nikamwambia thubutu. Naandika humo haya yote, baada tu ya kurasa zake. Kwenye ukurasa wangu wa kwanza alama za kalamu yake bado zinaonekana, alivyokandamiza. Wasifu wangu umeanzia juu ya alama hizo. Sina mengi ya kusema kuhusu nilikozaliwa na nilikosoma, nimeruka nikaenda pale watu wanapotulia. Nimeandika: Nimeuguza mama miaka tisa, sasa namuuguza mdogo wake. Nimechoka. Nilichoka tangu mwaka wa kwanza. Nilipokuwa nasema sijachoka nilikuwa nimechoka.

Nikitangulia mimi, kaka, bahasha utafungua wewe. Uusome kama ulivyoandikwa.